Masega yaliyonyooka kwenye fremu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji nyuki wa Tanga

Maswali haya ni ya wafugaji wa Muheza, Pangani, Mkinga, Handeni na Tanga mjini. Wengi wao walianzia kwenye mzinga wa gogo, sasa wana sanduku la fremu (viunzi vya mbao vya kushikilia sega) au la pau za juu (mbao za juu tu, bila kiunzi), na kila wakifungua kifuniko wanakuta masega yamekwenda kombo. Majibu mengi yanarudi palepale: unyoofu wa sega huamuliwa kabla nyuki hawajaingia, kwa nafasi, kwa usawa wa mzinga na kwa mstari wa nta. Nyuki wakishaanza kujenga, mfugaji amebakiwa na siku chache za kurekebisha.

Nimenunua sanduku zuri na fremu zake. Kwa nini nyuki hawazifuati?

Fremu ni haja yako wewe, si haja yao. Nyuki aliye kwenye tundu la mbuyu huning'iniza sega kutoka kwenye dari, popote anapoona panafaa, na maisha yake yanakwenda. Ukimwekea fremu tupu ambazo mbao yake ya juu ni laini upande wa chini, kwake hiyo ni dari tu, na dari pana haina mstari.

Kuna mambo matatu anayoyafuata. La kwanza ni ukingo au mstari wa nta unaojitokeza. Hapo ndipo anapopenda kuanzia. La pili ni mvuto wa ardhi: vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, hushikana miguu wakaning'inia kama mnyororo, na sega linashuka wima kufuata mnyororo huo, fremu iwe imenyooka au imeinama. La tatu ni sega la jirani. Kila sega jipya hujengwa sambamba na lililo kando yake, kwa hiyo sega la kwanza likipinda, la pili litalifuata, na la tatu, hadi ukutani. Likinyooka la kwanza, nusu ya kazi imekwisha.

Fremu ziachiane kiasi gani?

Milimita 32, kutoka katikati ya fremu moja hadi katikati ya inayofuata. Hilo ni kwa nyuki wetu na kwa sehemu ya majana, yaani watoto wa nyuki.

Vipimo wanavyonakili mafundi wengi ni vya mzinga wa Langstroth, na asili yake ni Marekani. Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia alitambua mwaka 1851 kwamba upenyo wa milimita 6 hadi 9 nyuki huuacha kuwa njia ya kupita. Ukiwa mdogo kuliko huo wanauziba kwa gundi, ukiwa mkubwa wanajaza sega. Kanuni hiyo haina nchi, inafanya kazi Ohio na inafanya kazi Maramba. Lakini nafasi ya fremu kwa fremu, ile milimita 35 ya kule, ilipangwa kwa nyuki wa Ulaya, na nyuki wa pwani yetu ni mdogo kuliko wao. Huyu wetu ndiye ambaye F. G. Smith, aliyekuwa afisa wa nyuki Tanganyika, alimpa jina la kitaalamu Apis mellifera litorea mwaka 1961.

Milimita 3 za tofauti zinaonekana kama si kitu. Hebu hesabu. Nyuki wakianzia fremu ya katikati na kuhesabu kwa kipimo chao, wakifika fremu ya pili wako milimita 3 nje ya mstari wako, ya tatu 6, na wakifika ya sita wamepotoka milimita 15, karibu nusu ya nafasi nzima. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba masega ya katikati ni mazuri ila ya pembeni "yamechanganyikiwa". Hayakuchanganyikiwa hata kidogo, yamefuata futi nyingine.

Kama fremu zako zina mabega (sehemu pana za mbao za pembeni) yanayogusana ya milimita 35, mwambie fundi apitishe randa milimita moja na nusu kila upande. Asisahau mbao ya juu: ikibaki na upana wa milimita 27, upenyo kati ya fremu utakuwa milimita 5 na nyuki watauziba. Ipunguzwe ifike 24, ibaki njia ya 8. Kwenye sanduku la fremu kumi sasa zitaingia kumi na moja.

Je, kwenye 35 haiwezekani kabisa? Inawezekana, na wapo wanaofanikiwa, ila inabidi kila fremu iwe na mstari mzuri wa nta na mfugaji awe mtu wa kukagua. Kama mzinga ndiyo kwanza unachongwa, sioni sababu ya kujipa kazi hiyo.

Nimeweka fremu nane kwenye sanduku la kumi ili kupunguza gharama. Kuna ubaya?

Upo. Ile nafasi iliyobaki watajaza sega linaloning'inia kwenye kifuniko, na siku ya kufungua utalirarua. Kama fremu hazitoshi, weka ubao wa kugawa ili nyuki wasifike upande ulio wazi.

Nitajuaje kama mzinga umekaa sawa? Sina pima maji.

Chukua chupa ya maji ya dukani, ijaze iache kiputo kidogo cha hewa, funga, ilaze juu ya fremu kwa kuzikatiza. Kiputo kinakimbilia upande ulio juu. Njia ya pili ni timazi ya kienyeji: funga kokoto kwenye uzi, ning'iniza uzi katikati ya mbao ya juu ya fremu tupu iliyo ndani ya sanduku. Kokoto likiangukia katikati ya mbao ya chini, uko sawa.

Usipuuze jambo hili. Sanduku lenye upana wa sentimita 40 likiinama sentimita 3 upande mmoja, sega lililoanzia katikati ya mbao ya juu litafika chini likiwa nje kwa milimita 17 hivi, yaani limeshaingia kwenye eneo la fremu ya jirani. Nyuki amejenga wima kabisa. Aliyepinda ni mzinga. Kuinama kidogo kuelekea mbele, upande wa mlango, hakudhuru kama fremu zimelala kutoka mbele kwenda nyuma, na kunasaidia maji ya mvua yatoke.

Mizinga ya kutundika kwa waya kwenye mikorosho na miembe ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu tawi linakua, waya unalegea, na upepo wa kusi unafanya yake. Tumia waya nne, kila pembe na wake, na pima upya. Mizinga ya juu ya vigingi nayo ipimwe baada ya masika. Udongo wa mfinyanzi ukilowa kigingi kimoja huzama, na mchwa hawalali. Miguu ikae kwenye makopo ya oili chafu, waya zipakwe grisi, maana siafu wakipanda hakutakuwa na sega la kuzungumzia.

Mstari wa nta unawekwaje?

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nitaieleza kwa urefu kidogo.

Yeyusha nta safi ya nyuki kwenye sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria kubwa ya maji. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, haihitaji moto mkali, na ikiwekwa moja kwa moja kwenye jiko la mkaa inaweza kushika moto. Ikishashika moto usimwagie maji, funika.

Chukua ubao laini ulioulowesha maji usiku kucha. Uchovye ndani ya nta, utoe, uache upoe kidogo, uchovye tena mara mbili au tatu, kisha uutie kwenye maji baridi. Ngozi ya nta itabanduka ikiwa karatasi nzima. Ubao ukiwa mkavu haibanduki, utakwangua mpaka jioni. Kata karatasi hiyo vipande virefu vyenye upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili.

Chini ya mbao ya juu ya fremu fundi awe amechonga mfereji wa milimita 3 katikati, urefu wote. Simamisha kipande cha nta ndani ya mfereji, mimina nta ya moto kidogo pembeni kwa kijiko, uinamishe fremu ili nta itiririke mpaka mwisho. Ikipoa, jaribu kukivuta kwa vidole. Kikitoka kwako, kitatoka na kwa nyuki, maana uzito wa kundi zima litakaloning'inia hapo si mchezo.

Asiye na mfereji anaweza kupigilia kijiti chembamba cha pembetatu chini ya mbao, ncha ikitazama chini, na kukisugua nta kwenye ncha peke yake. Wengine huchovya uzi wa pamba kwenye nta na kuubandika. Zote zinafaa.

Ila kuna kosa moja ninalikuta kila mahali: mtu anapaka nta upande wote wa chini wa mbao, milimita 24 zote, akidhani ndiyo ukarimu. Hapo umewarudishia dari. Kinachowaongoza ni ule ukingo, harufu ya nta peke yake haitoshi.

Niweke karatasi nzima ya nta yenye michoro, ile ya kununua?

Inategemea michoro hiyo ilipigwa kwa nyuki gani. Mashine ya kwanza ya kupiga karatasi za namna hii ilitengenezwa Ujerumani na Johannes Mehring mwaka 1857, na nyingi zinazouzwa duniani hadi leo zina vijumba vya milimita 5.2 hadi 5.4, saizi ya nyuki wa Ulaya. Nyuki wetu hujenga kijumba cha kibarua chenye kama milimita 4.8. Akipewa mchoro mkubwa, mara nyingine anaufuata kwa shingo upande, mara nyingine anaubadilisha katikati ya njia, na mistari inaanza kupindana, vijumba vya madume vinaingia mahali pasipo pake, na pengine anaitafuna karatasi nzima na kuanza yake.

Ukipata karatasi iliyopigwa kwa saizi ya nyuki wa Kiafrika, inasaidia sana, hasa kwa atakayetumia mashine ya kukamulia asali. Usipoipata, kipande chembamba cha nta kinatosha, na kitakuwa kimetoka kwa nyuki wako mwenyewe. Nta ya kutoka nje isiyojulikana ilikotoka inaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya majana, na kwa ukanda wetu hilo ni la kuogopa kuliko sega lililopinda.

Karatasi za plastiki hawazipendi zikiwa kavu. Wanaziacha na kujenga sega lao kwenye upenyo wa kati. Kama unazo, zipake nta ya nyuki ya kutosha.

Nta ni ghali. Naweza kuchanganya na mishumaa?

Hapana. Mishumaa ya dukani kwa kawaida ni nta ya parafini, itokayo kwenye mafuta ghafi ya petroli. Nyuki wanaikwepa, na wakiikubali sega linalegea joto likipanda.

Waya kwenye fremu ni lazima?

Kwa fremu ndefu ya sanduku la chini, lile la majana, kwa joto letu, ningesema ndiyo. Toboa mbao za pembeni, pitisha waya mwembamba usioshika kutu mistari mitatu au minne, uvute mpaka ukiupiga kwa ukucha utoe mlio. Nyuki wanaujengea ndani ya sega bila shida. Fremu fupi za sanduku la asali zinaweza kukaa bila waya kama unakata sega na kulikamua kwa mkono au kuliuza lilivyo.

Pau za juu hazina waya wala mbao za pembeni. Sega lake limeshikwa juu tu, basi lishikwe kwa adabu: likikaguliwa libaki wima muda wote. Likilazwa kama sinia, hasa jipya jeupe lenye asali, linakatika na kukumwagikia miguuni, na nyuki wote wanakuja kuuliza kulikoni.

Ni msimu gani nyuki hujenga vizuri?

Wakati mbochi, yaani maji matamu ya maua, unaingia na kundi lina vijana wengi. Nta hutoka kwenye tezi zilizo chini ya tumbo la kibarua, na kibarua wa kujenga zaidi ni mwenye umri wa siku 12 hadi 18 hivi. Kwa nta kilo moja, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kilo 6 hadi 8 za asali zinazoliwa. Kundi lenye njaa halijengi, hata ungeliwekea fremu za dhahabu.

Kwetu masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kungoja ujenzi mkubwa; mvua zinawafungia ndani. Mvua zikipungua, miembe na mikorosho ikaanza kuchanua, ndipo kazi inapochangamka. Vuli nayo ina maua yake. Wa Muheza wana michungwa, wa kandokando ya bahari wana mchu kwenye mikoko, na minazi inatoa maua mwaka mzima, kidogokidogo, ambayo hayajazi sanduku ila yanawaweka nyuki hai. Mkonge huchanua mara moja tu kisha unakufa, lakini ule mlingoti ukisimama na maua yake utaona nyuki wamelizunguka shamba.

Wajenzi bora kuliko wote ni kundi lililohama karibuni. Wametoka walikotoka na matumbo yaliyojaa asali, na wiki mbili za mwanzo wanajenga vijumba vya vibarua, vya kupendeza. Mzinga wako uwe tayari kabla hawajafika: fremu zote ndani, mistari ya nta imekaa, usawa umepimwa. Sugua ndani kwa kipande cha sega la zamani na majani ya mchaichai, harufu yake inafanana na ile wanayoitana nayo.

Kundi jipya likikuta maua hafifu, maji ya sukari ya uwiano wa moja kwa moja yanasaidia kuanzisha ujenzi. Acha kulisha kabla ya kuweka sanduku la asali, vinginevyo utarina sukari yako mwenyewe na kumwuzia jirani.

Sega limekatiza fremu tatu. Naanzia wapi?

Swali la kwanza ni limekaa muda gani. Sega la wiki moja au mbili bado ni laini, joto la ndani ya mzinga ni kama nyuzi 34 na nta inatii. Lililopotoka kidogo lisukume kwa vidole mpaka likae chini ya mbao yake, polepole, na nyuki watalishikiza usiku huohuo. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi wa mapema. Lililoachwa mpaka likajaa majana na asali litahitaji kisu.

Fanya jioni, jua likielekea kuzama. Nyuki wa pwani mchana wa jua kali si wa kuchezea, na mbuzi wa jirani aliyefungwa karibu hana pa kukimbilia. Mwondoe kwanza, na watoto pia. Vaa vizuri. Bomba la moshi lijae makumbi ya nazi makavu, yanatoa moshi mwingi uliopoa. Giza likikukuta, tumia tochi yenye mwanga mwekundu, nyuki hawauoni.

Andaa kisu kirefu, fremu tupu, uzi wa pamba au kamba laini za mgomba, unyoya wa kufagilia, na ndoo yenye kifuniko. Ondoa fremu za pembeni ambazo hazijaguswa ili upate nafasi. Kisha kata sega lililokatiza pale lilipogandia kwenye mbao, kipande kwa kipande. Cha majana kiweke ndani ya fremu tupu, kiguse mbao ya juu, kisha kifunge kwa uzi mizunguko miwili mitatu. Angalia usikipindue: vijumba vimeinama kidogo kwenda juu, na upande uliokuwa juu ubaki juu. Cha asali usijisumbue kukifunga, ni kizito na kinavuja. Tia ndoo, funika. Kila kipande kitazame kabla hujakiweka chini, malkia anaweza kuwa juu yake.

Sega lililonyooka kuliko mengine, hata kama ni moja, liwe katikati, na fremu zenye mistari ya nta zikae pande zake. Hilo sasa ni futi yao mpya.

Kuhusu kamba: Tanga ni mkoa wa katani na kila nyumba ina kipande. Inafunga vizuri, lakini nyuki hawawezi kuitafuna, kwa hiyo urudi baada ya wiki moja na kidogo uitoe. Uzi wa pamba na kamba ya mgomba wanautafuna na kuutupa nje wenyewe. Ukiona nyuzinyuzi mlangoni, sega limeshika.

Usiache asali iliyomwagika chini ya mzinga. Siafu, mende wadogo wa mzinga na nyuki wa makundi mengine hawahitaji mwaliko.

Naweza kuingiza fremu tupu katikati ya masega ili wajenge ikiwa imenyooka?

Ndiyo, na ni njia bora ya kupanua mzinga, kwa masharti. Iweke kati ya masega mawili ya majana yaliyonyooka, kundi liwe limejaa, na iwe moja kwa wakati mmoja. Kundi dogo ukiligawanya hivyo unapoza majana. Ukiiweka kati ya masega mawili ya asali ambayo hayajafunikwa, mara nyingi hawajengi jipya. Wanarefusha vijumba vya yale ya zamani mpaka yanajaza nafasi yote.

Sanduku la juu niliweke lini?

Fremu saba au nane kati ya kumi za chini zikiwa zimejengwa na kukaliwa. Ukiliweka mapema wanapanda katikati tu na kuacha pembeni patupu, au wanaanzia kwenye kifuniko. Na sanduku la juu lisikae bila fremu hata kwa "siku mbili tu, fundi anamalizia". Fundi hamalizii, nyuki wanamaliza.

Mzinga wangu ni wa pau za juu. Mwanzo masega ni mazuri, kule mwisho yanapinda. Kwa nini?

Kwa sababu mwisho ni ghala. Sega la asali ni nene kuliko la majana, na unene ule hautoshi kwenye upau wa milimita 32. Nyuki wanasogea kidogo kwenda upau wa pili, halafu wa tatu, na ukifika mwisho sega moja limeshika pau mbili. Sehemu ya asali tumia pau za milimita 35 hadi 38, au chomeka kijiti cha milimita 3 hadi 5 kati ya pau zile zile. Ubao wa kugawa uusogeze kadiri wanavyojaza, usiwape urefu wote wa mzinga siku ya kwanza.

Masega yameanguka Januari. Nyuki wana kasoro?

Joto lina kasoro. Bati tupu juu ya mzinga, kaskazi, jua la Januari na Februari: nta inalegea na sega jipya lenye asali linadondoka. Funika kwa makuti juu ya bati, acha upenyo wa hewa katikati, weka manzuki, yaani mahali pa mizinga, chini ya kivuli chepesi, na maji safi yawe karibu, kwani nyuki huyatumia kupoza nyumba. Mbao nyembamba nazo zinachangia. Mtiki wa Longuza ni mzuri na mchwa wanauogopa, ila bei yake ni ya watu wa samani. Paini ya Shume inafaa ikipakwa nje vizuri. Ndani usipake kitu.

Sega lina vijumba vikubwa vya madume tu. Nilikate?

Kama ni kipande kidogo pembeni, acha, kila kundi linataka madume. Kama ni fremu nzima kwa fremu nzima, angalia malkia kabla ya kushika kisu. Kundi lisilo na malkia hujenga hivyo, na kukata sega hakutawaletea malkia.

Nina mzinga wa gogo wenye nyuki tayari. Nihamishe masega yake kwenye fremu?

Inawezekana kwa njia ile ile ya kukata na kufunga, lakini masega ya gogo ni ya mviringo, mafupi, na kundi mara nyingi linaondoka baada ya vurugu hiyo. Mimi ningetundika sanduku lililoandaliwa vizuri karibu na gogo na kungoja kundi lihame lenyewe msimu wa kugawanyika. Gogo liendelee kutoa nta. Nta nzuri ya mistari ninayoijua mimi inatoka kwenye magogo ya Handeni.

Nikikagua mara kwa mara, si watahama?

Wanaweza. Hawa ni nyuki wa Tanga, waja leo waondoka leo. Lakini wanaohama kwa sababu ya mfugaji wanahama zaidi kwa moshi mwingi, mzinga kuachwa wazi muda mrefu na majana kupoa, kuliko kwa kutazamwa. Baada ya kundi kuingia, liache kama siku tano au saba, kisha fungua haraka: inua kifuniko, tazama kutoka juu kama masega yanafuata mbao, rekebisha la kwanza lililopotoka, funga. Rudia baada ya wiki. Yakishafika ukutani yakiwa yamenyooka, huna haja ya kuingia kila mara.

Masega meusi ya zamani niyaache mpaka lini?

Ya majana, miaka miwili au mitatu. Vijumba vinabaki na ngozi za majana na kuwa vidogo, na nondo wa nta wanayapenda. Yaondoe moja moja, yeyusha, tumia nta yake kwa mistari mipya. Ya asali yaliyokamuliwa kwa mashine bila kuvunjwa warudishie, umewaokolea kazi kubwa.

Je, mbinu hizi zinafaa kwa nyuki wadogo wasiouma?

Hapana. Hao hawatundiki masega wima. Majana huyapanga kwa namna yao na asali wanaiweka kwenye vyungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu. Fremu wataigandisha tu. Wanataka kisanduku kidogo chenye ubao mnene, chumba cha majana chini na cha asali juu, na tundu la mlango lisilozidi upana wa kidole.